Ndege wa Bi Tomasa

Xiaobei, Guangzhou, China
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Rukia,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na mimi nimebaki na sanduku lako likiwa wazi katikati ya sebule. Mambo ya pasipoti, ya dawa, ya kunipigia simu ukifika, nimekwisha kuyasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, nilielewa tangu mara ya kwanza." Sitayarudia. Nakuandikia jambo ambalo nimelificha miaka minane.

Asubuhi nilipokuwa nakukunjia nguo nilikuta blauzi nyekundu yenye ndege kifuani. Ukasema kwa furaha, "Nimeipata soko la Shahe, Mama, bei ya bure. Nataka niivae siku ya kwanza Guatemala, wajue naheshimu utamaduni wao." Nikaiachia ikaanguka. Ukanitazama. "Mbona umekunja uso kama umenusa panya aliyeoza?" Nikakujibu ni harufu ya rangi. Ni kweli rangi ilikuwa inanuka, ile harufu ya mafuta ya taa na plastiki ambayo haitoki hata ufue mara tatu. Lakini kilichonitia kichefuchefu hakikuwa rangi. Nilikuwa mimi mwenyewe.

Safari yangu ya Guatemala unaijua. Unaijua kama nilivyokusimulia ulipokuwa na miaka kumi na mmoja: mji wa Antigua wenye nyumba za rangi ya njano, barabara za mawe, makanisa ya Wahispania yaliyobomolewa na matetemeko, na mlima unaotoa moshi kama mwanamke anayekoka jiko. Nilikuletea chokoleti na kinyago cha mbao. Ukanilazimisha nirudie hadithi ile mpaka nikachoka. Ukaanza kujifunza Kihispania kwenye simu, ukabandika picha za volkeno ukutani, na leo unakwenda kukaa mwaka mzima katika mji ule ule, kusoma lugha na kupiga video za vijiji vya milimani. Watu hunipongeza kwamba nimekulea ukawa na shauku ya dunia. Mimi huitikia tu. Shauku hiyo niliipanda kwa hadithi niliyoikata nusu. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Wakati ule nilikuwa wakala wa wanunuzi wa nje. Kazi yangu ilikuwa kuwazungusha kwenye majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, kubishana bei kwa niaba yao, na kusimamia marobota yao mpaka yaingie kwenye kontena. Mmoja wao alikuwa Ofelia, mama wa makamo mwenye duka Antigua. Tulielewana kwa Kiingereza cha kubahatisha na vidole. Siku moja, tukiwa tunakula tambi kwenye mgahawa mmoja wa Huanshi Zhonglu, akanionyesha blauzi ambayo wanawake wa milimani kwao huifuma kwa mkono, moja kwa miezi kadhaa.

"Watalii wanazipenda," akasema, "lakini wakisikia bei wanarudisha na kuondoka. Ukinitengenezea zinazofanana, mimi na wewe tumetoka."

"Nipe sampuli," nikamwambia.

"Sampuli nzuri haziuzwi. Ziko majumbani. Inabidi uje uone mwenyewe."

Nikaenda. Wewe nikakuacha kwa Mama Sefu, jirani.

Mwanangu, nilipofika kule nilianza kwa kuwachukia watu wengine. Kinyaa cha kuona uchafu wa mwenzio kina utamu wake. Kinakufanya ujione umekoga. Hoteli aliyonipeleka Ofelia ilikuwa jumba la bwana mmoja wa zamani wa Kihispania, na karo ya mawe walikofulia watumwa na vijakazi wake ilikuwa imejazwa maua ya waridi ili wageni wapigie picha. Mtoto wa Pangani nisijue nyumba za namna hiyo? Nikasonya. Kesho yake tukapanda gari kwenda kijijini. Jina lake sitaliandika. Ni kijiji kidogo, kiko juu kwenye baridi, mashamba ya mahindi yamepanda mlima mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje. Kanisani kulikuwa na bibi amepiga magoti mbele ya mishumaa yake, analia na kuzungumza na Mungu wake, na watalii wanne wamemzunguka na kamera, mmoja amelala kifudifudi sakafuni ili ampate vizuri machozi. Nilitaka kumkanyaga mgongoni.

Maana mimi nilikuwa nayajua hayo. Ulipokuwa mchanga, kila tukipanda basi hapa Guangzhou kulikuwa na mkono unaokuja kushika nywele zako, na simu inayokuelekea usoni kana kwamba nimebeba nyani. Kuna siku mama mmoja alikufunua shuka ukiwa umelala ili akupige picha. Nilimpiga kibao cha mkono, simu ikaruka chini ya viti, basi zima likanipigia kelele. Sikujuta. Kwa hiyo nilipowatazama wale watalii nilijiambia: mimi si kama hawa. Mimi najua.

Sikujua kitu.

Ofelia alinipeleka kwa mfumaji anayesifika kuliko wote pale, Bi Tomasa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, umri wangu, mwenye mikono mipana. Alikuwa na binti mmoja, Irma, naye alikuwa na miaka kumi na mmoja kama wewe, meno ya mbele hayajapangika kama yako ya wakati ule. Bi Tomasa alizungumza lugha ya kwao, Irma akaitia kwenye Kihispania cha shule, Ofelia akaitia kwenye Kiingereza. Neno lilifika kwangu limechoka, lakini lilifika.

Nilimpelekea zawadi ya kanga, doti nzima. Akaipapasa, akauliza yale maandishi yanasemaje. Yalisema "Wema hauozi." Nikamfafanulia. Irma alipomfikishia, Bi Tomasa akaifunika mabegani hapo hapo, akanishika mkono akaukaza.

Kisha Ofelia akamwambia kuwa mimi ni Mwislamu, sili nyama iliyochinjwa na mtu yeyote tu, hivyo maharage yanatosha. Bi Tomasa akatoka. Akarudi ameshika jogoo miguu, na mkono wa pili kisu, akanikabidhi vyote viwili. Irma akasema, "Mama anasema uchinje mwenyewe, kwa jina la Mungu wako." Rukia, nimeishi miaka ishirini katika mji wa watu mamilioni kwa mamilioni, na hakuna aliyewahi kunifikiria namna hiyo. Nikamchinja jogoo wake kwenye ua wake, nikasema Bismillahi, na yule mama akasimama kando ameinamisha kichwa mpaka nikamaliza.

Wakati mchuzi uko motoni akatuonyesha kazi yake. Hawana kitanda cha mfumi kama tunavyokijua. Nyuzi hufungwa nguzoni upande mmoja, na upande wa pili mkanda unamzunguka mfumaji kiunoni; akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akijongea mbele zinalegea. Mwili wake ndio mashine. Kilichokuwa kwenye nyuzi ni kitambaa chekundu cha blauzi ya Irma, atakayoivaa akiwa mwanamwali. Katikati palikuwa na ndege wa buluu na manjano, ana bawa moja.

Nikauliza kwa nini bawa moja.

Bi Tomasa akamwambia Irma, na Irma akasema polepole, "Ni kaka yangu. Alikufa kabla hajatimiza mwaka. Mama anasema hakuwahi kuruka. Anamfuma hapa ili anisindikize." Halafu Bi Tomasa akaitazama simu iliyokuwa mapajani mwangu, akatikisa kidole. Halikuhitaji mkalimani, lakini Irma alilisema: "Huyu ni wa macho tu. Picha hapana."

"Naelewa," nikasema. "Mwambie na mimi ni mama."

Wakaenda jikoni, yeye na Irma, kupakua. Ofelia akaniinulia nyusi. Mimi ndiye niliyeitoa simu, nikazima sauti ya kamera, nikapiga picha tatu: moja ya kitambaa chote, mbili za ndege kwa karibu.

Nimejaribu miaka yote hii kujipa udhuru. Kwamba nilikuwa peke yangu na mtoto. Kwamba hata kanga zetu wenyewe zinachapwa hukuhuku ughaibuni na hakuna Mswahili anayelia. Kwamba picha si wizi, kitambaa kilibaki pale pale. Kila udhuru unaishia kwenye ile sauti ya kamera. Mtu asiyejua kwamba anaiba hazimi sauti. Nilizima, nikairudisha simu mfukoni, wakaja na sahani, nikala paja la jogoo yule mpaka mfupa, nikasema asante mara tatu.

Niliporudi Guangzhou nilizipeleka zile picha kwa laoban, bosi wa kiwanda kimoja kidogo cha kuchapa vitambaa. Unakumbuka nilikuwa narudi nyumbani nanuka, wewe unaziba pua? Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mtaro, na maji yake yalikuwa mekundu siku ya rangi nyekundu, buluu siku ya buluu, yakiwa na povu zito kama la mdomo wa mgonjwa. Laoban akaivuta picha kwenye kompyuta yake, akauliza, "Huyu ndege mbona amekatika? Aliyemshona amekosea. Nimwongezee bawa?"

Nikamwambia, "Mwache hivyo hivyo. Ataonekana wa mkono."

Hayo ni maneno ya mama yako, Rukia. Nilikuwa nimeambiwa bawa lile ni nini, na nikalifanya mapambo ya kudanganyia wateja. Zikachapwa kwenye poliesta, maelfu, zikauzwa kama maji. Nyumba tunayokaa niliilipia kwa ndege yule. Viatu vya shule ulivyovipenda vile vyekundu vilitokana na yeye. Nakwambia si ili ubebe mzigo wangu. Nakwambia kwa sababu hakuna pembe ya nyumba hii isiyoguswa, na nimechoka kuijua peke yangu.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nilirudi Antigua kuona mauzo. Ofelia alikuwa na vibanda vitatu sokoni, vyote vimetundikwa blauzi zetu, zimebanana, upepo ukipita ndege wote wanatikisika pamoja. Nilikuwa nimesimama pale nacheka naye. Akatokea Bi Tomasa na Irma, wamebeba vikapu, wamekuja kuuza. Walikuwa wanapita tu. Bi Tomasa akasimama.

Alishika blauzi moja, akaigeuza ndani nje. Kitambaa cha kufumwa kina rangi pande zote mbili, lakini cha kuchapwa upande wa ndani ni mweupe kama tumbo la samaki. Akautazama ule weupe. Akashika ya pili, akaigeuza. Ya tatu. Hakupiga kelele. Alizigeuza moja baada ya nyingine, safu nzima, mpaka akafika niliposimama, akaniona.

Alisema sentensi moja kwa lugha yake. Irma akaisema kwa Kihispania. Ofelia akageuka pembeni, akajifanya anahesabu vifungo. Irma akaniangalia, naye wakati huo alikuwa na Kiingereza kidogo cha shule, akasema mwenyewe, "Mama anauliza, watoto hawa wote waliokufa ni wa nani?"

Nilikuwa na maneno mawili ya Kihispania. Nikayatumia. "No entiendo," nikasema. Sielewi. Nikatabasamu, nikapandisha mabega kama mgeni mpumbavu, kwa mtu ambaye nilikula kwake, na kwa mtoto ambaye alikuwa amezungumza Kiingereza ninachokielewa.

Bi Tomasa hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alimshika Irma mkono wakaondoka.

Jioni ile nilitapika hotelini mpaka nyongo. Niliporudi hapa nikamwendea laoban nikamwambia asimamishe ndege yule, asimchape tena hata kama mteja analilia. Akacheka. "Meiyou banfa," akasema, hakuna la kufanya. Akanipeleka nje kwenye baraza, akanionyesha jengo la mbele: kiwanda cha jirani kilikuwa kinamchapa ndege huyo huyo kwenye mapazia. Nilikuwa nimeibiwa nilichokiiba, na sikuwa na mlango wa kwenda kushtaki. Yule uliyemnunua wewe Shahe ana mabawa mawili. Kuna mtu njiani ameona ni kosa, akamrekebisha.

Ofelia nilimwacha. Nikahamia kwenye vipuri vya mashine, na wewe ukaniuliza mbona nimeacha nguo, nikasema mgongo unaniuma.

Nilikwenda mara ya tatu. Hiyo hukuijua kabisa; nilikwambia nakwenda Dubai. Ni miaka minne sasa. Nilikwenda peke yangu, bila mkalimani, nikapanda mabasi mawili mpaka kijijini. Nilikuwa na bahasha ya pesa na hotuba niliyoikariri kwa Kihispania. Irma ndiye aliyefungua mlango, msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mama yake. Nyuma yake, uani, nilimwona Bi Tomasa amepiga magoti na nyuzi zake, mkanda kiunoni. Alinisikia. Hakugeuka.

Nilianza hotuba yangu. Irma akanikata kwa Kiingereza, kwa adabu, kama karani.

"Mama hataki pesa. Na hataki kusikia."

"Nataka tu aniambie nifanye nini," nikasema.

Akaenda kumuuliza. Niliona Bi Tomasa akijibu huku mikono yake inaendelea na kazi. Irma akarudi.

"Anasema alimfumua yule ndege. Uzi baada ya uzi. Anasema kila akimtazama alikuwa hajui tena yupi ni wake." Kisha akaongeza, hilo likiwa lake mwenyewe: "Ilikuwa blauzi yangu."

Akafunga mlango taratibu. Nikabaki na ile bahasha, nayo ikaninukia mkononi. Mbwa wa jirani akanibwekea mpaka nikashuka barabarani kungoja basi.

Ndivyo yalivyoishia. Sikusamehewa, na sina sababu ya kusamehewa. Kwa muda mrefu niliona hilo ni ukatili, nikijiambia nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nini tena? Ilinichukua miaka kutambua kwamba hata safari ile niliifanya ili mimi nipate usingizi. Nilikuwa nimekwenda tena kwa Bi Tomasa kuchukua kitu.

Sasa wewe unakwenda, una kamera nzuri kuliko simu yangu ya wakati ule, na una moyo mwema. Na mimi nilikuwa na moyo mwema, Rukia. Nililia machozi ya kweli nilipokabidhiwa yule jogoo. Moyo mwema haukunizuia hata dakika kumi. Najua utaniambia, "Mama, mimi nitaomba ruhusa." Utaomba, na mara nyingine utaambiwa hapana, na hapana hiyo itakuja siku ambayo mwanga ni mzuri, hakuna anayekuona, na huna video nyingine ya wiki hiyo. Sikuombei usijaribiwe. Nakuomba tu usijidhani wewe ni mtu wa aina nyingine.

Blauzi nimeitoa sandukuni. Sikuichana wala kuichoma. Hiyo ingekuwa sinema. Iko juu ya kiti, na ukiamua kuivaa baada ya kusoma haya, ni mwili wako.

Leo mchana nilifikiria kukupa barua ya kumpelekea Bi Tomasa. Hata nikaanza kuiandika. Kisha nikaona nilichokuwa nakifanya, kumtuma mtoto wangu mlangoni kwa yule mama aliyefiwa na wake, uso wako mzuri utangulie ili mimi nipite nyuma yako. Nimeichana hiyo. Usiende kuniombea radhi. Usimpelekee salamu zangu.

Lakini vijiji vile ni vidogo na vinafahamiana. Huenda siku moja, bila kutafuta, ukajikuta uani kwake, na msichana wa umri wako akakuvutia kigoda. Ikitokea hivyo, kabla hujakaa, kabla hujapokea chochote mikononi mwake, sema wewe ni mtoto wa nani. Litaje jina langu lote. Wakikukaribisha, watakuwa wanajua wanayemkaribisha. Wakikufukuza, ondoka, na usinitetee.

Mama yako,
Mwanaidi